Kibodi ya Baba

Jumatatu asubuhi Baba alinipigia simu akasema kompyuta yake inamkatalia neno la siri. Nikamwambia ajaribu tena polepole, nikakata, maana nilikuwa na printa ya mteja imefumuliwa mezani.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina stashahada, nina duka la futi kumi kwa kumi, nina watoto watatu, na sina subira na mtu anayekwambia "sijagusa kitu." Baba ni mwalimu mstaafu. Anaishi peke yake katika vyumba viwili na anaandika kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Mwizi alipobeba kompyuta yake ya kwanza pamoja na kurasa sitini, hii ya pili niliifunga diski nzima. Ukiiwasha, inaamka kwanza programu ndogo ya kuwashia, inauliza neno la siri kabla mfumo wenyewe haujafumbua macho. Unachokichapa hukioni, hata nyota hazitokei.

Wiki moja kabla ya simu hiyo, aliimwagia chai. Niling'oa kibodi, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Ilikuwa ya mpangilio wa Kifaransa: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, M imesukumwa pembeni. Hilo nililiona, mimi si kipofu. Nikawasha, nikachapa neno la siri, ikafunguka. Nikaingia ndani nikauambia mfumo kwamba kibodi ni ya Kifaransa, nikajaribu sentensi mbili nikitazama vitufe, zikatoka sawasawa. Nikamrudishia Jumapili jioni.

Jumanne nilipita kwake. Nikachapa, ikafunguka mara moja.

"Mbona inafunguka, Baba?"

"Kwako."

Alifanya kazi mchana kutwa, jioni akaizima. Jumatano ikamkatalia tena. Nikarudi, nikachapa, ikafunguka.

Nikampigia kaka yangu simu palepale na kuweka sauti kubwa. Kaka akanikumbusha kwamba mwezi uliopita Baba alisahau sufuria jikoni mpaka ikaungua kitako.

"Dada, dalili si ndizo hizo? Mzee ahamie kwangu. Jumamosi naleta gari."

Nikasema sawa. Kisha, simu ikiwa bado hewani, nikamgeukia Baba: "Neno lenyewe herufi kumi, na umelichagua mwenyewe. Ukilisahau hilo, kesho utasahau nini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Ijumaa mchana nilikwenda kunakili kitabu chake kabla hajahama. Nilimkuta amekwisha kupanga vitabu kwenye maboksi, kila boksi limeandikwa kwa mwandiko wake wa ubaoni.

"Umefanya haraka," nikamwambia.

"Nimekubali. Mtu hawezi kushindana na kompyuta na binti yake kwa pamoja." Akavuta kiti. "Lakini nataka kujaribu mara ya mwisho. Nikishindwa, kitabu mpe mtu mwingine akimalize. Hesabu za watoto hazitaki mtu asiyejiamini."

"Jaribu, Baba. Nina saa moja."

"Saa moja! Wewe ulichukua miezi kumi na minne kutembea, mbona mimi nilikusubiri?"

Alichapa kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama, macho yameganda kwenye kibodi. Akabonyeza kitufe cha kuingiza. Programu ile huchukua karibu nusu dakika kupima neno, tukawa tunaitazama. Ikakataa. Ikikataa hukuachia mstari mweusi wa kuandikia amri za fundi. Mimi nikifika hapo huwa nazima. Nilinyoosha mkono nizime.

"Toa mkono. Bado."

"Baba, hapo si penyewe."

Hakunisikia. Akadonoa neno lake tena, herufi kumi, taratibu, kila kitufe akikitaja kwa mdomo: "Mi, zi, e, e, wi, a, ki, a, zi, i." Na kwa kuwa hapo si mahali pa siri, kioo kikaonyesha kila kitu:

;weezqkqwi

Nilisoma mara mbili. Baba alikuwa amechapa mzeewakazi bila kukosea hata herufi moja.

Ile programu inaamka kabla ya mfumo, kwa hiyo haijui nilichouambia mfumo. Yenyewe bado inahesabu vitufe kwa mpangilio wa zamani: ukibonyeza A, inasoma Q. Mimi nachapa bila kutazama, vidole vinakwenda vilikozoea, ndiyo maana kwangu ilifunguka. Baba anatazama anachobonyeza na kuamini kilichoandikwa. Siku zote tano alikuwa sahihi.

"Baba."

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Nimekosea mimi."

Nikamweleza. Aliinama akatazama kioo muda mrefu, akihakiki herufi moja moja kama anayesahihisha mtihani.

"Kwa hiyo akili yangu iko mahali pake?"

"Iko."

"Na yako?"

"Acha nitengeneze kwanza."

Nikachapa kwa mazoea yangu, nikaingia. Nikaunda faili la mpangilio wa Kifaransa, kisha nikaijenga upya programu ya kuwashia, faili hilo likiwa ndani yake, maana ningeliacha kwenye diski iliyofungwa ingekuwa kama kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

"Si ungebandika karatasi tu juu ya vitufe?"

"Zitabanduka kwa jasho, Baba."

Nikaizima. "Haya, washa mwenyewe."

Akadonoa. Nusu dakika ile ilikuwa ndefu. Ikafunguka, kikatokea kitabu chake, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, kugawanya sehemu.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusikia. Lakini uliponiita msahaulifu, kaka yako alikuwa anasikiliza. Mpigie. Weka sauti kubwa kama siku ile."

Nikapiga. Kaka akasema gari amekwisha kulilipia, na ile sufuria je? Nikamwambia sufuria huungua hata kwangu, na mimi sihamishwi. Nikamweleza kosa langu lote, kuanzia kibodi hadi mwisho, Baba amekunja mikono ananisikiliza. Nilipojaribu kufupisha akanyanyua kidole.

"Sehemu ya vidole umeiruka," akasema. "Rudia."