Mashahidi Wawili wa Mbelu

Juzi jioni Mbelu alishinda mjadala. Mwalimu wa shule ya jioni, hapa Kolwezi, aliuliza kama Yesu aliishi kweli duniani au ni masimulizi tu ya watu, akamweka upande wa kukataa. Mbelu, aliyebatizwa angali mchanga, alimbeba binti yake Abigaëlle, akasimama.

"Yesu anapozaliwa, Matayo analeta wenye hekima na nyota yao. Luka hawajui hao. Yeye analeta wachungaji. Mashahidi wanaopingana, nani atawaamini?"

Darasa likapiga makofi. Stany tu, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyetikisa kichwa: "Mama Abi, weye mvula itakulowanisha, utasema bado jua iko inawaka!"

Leo Mbelu yuko mahakamani, Abigaëlle mapajani. Hana karatasi ya kuzaliwa. Bila karatasi jina lake haliingii kwenye orodha ya mtihani wa serikali, na orodha inafungwa Jumamosi. Mama yake alishafariki. Ili hakimu amwandikie hukumu ya kuzaliwa, ishike nafasi ya karatasi hiyo, wametoka Mutshatsha, alikozaliwa, watu wawili waliokuwapo siku ile: mama Tshiela, mkunga, na tata Nkulu, mzee aliyefanya kazi ya reli.

"Huyu alizaliwa namna gani?" hakimu akauliza.

"Asubui, tata juge," akasema Tshiela. "Mvula inapiga mabati. Mu nyumba yangu."

"Asubui gani, ye mama!" Nkulu akaruka. "Jua ilikuwa inashuka! Na ilikuwa ku gare, kwenye treni inasimama, pembeni ya mifuko ya makala ya kupikia. Mi ndjo nilishika lampe."

"Weye? Ulikimbia damu!"

"Nilikimbia kutafuta maji!"

Watu wakacheka. Mbelu hakucheka. Maneno yake mwenyewe yalimrudia moja moja: wanaopingana, nani atawaamini? Akamkumbatia mtoto, akaona mwaka mzima wa masomo ukimponyoka.

Hakimu akainua kalamu. "Na mutoto, alilia?"

Wazee wote wawili, kwa sauti ya chini, wakajibu pamoja: "Apana."

"Alikuwa wa bluu," akasema Nkulu. "Tulisema amekufa."

"Nikamupulizia mu kinywa," akasema Tshiela. "Mara tatu. Ya ine, akanitazama."

Mbelu hakuwahi kusimuliwa hilo. Mwili ukamsisimka, kama mtu aliyeingia kanisani pasipo kujua kwamba ni kanisa.

"Mashahidi ya kufundishwa banasemaka neno moja," hakimu akasema, akianza kuandika. "Aba bawili, balikuwa pale."

Muhuri ukagongwa.

Mbelu akawaza wale mashahidi wengine, Matayo wa nyota na Luka wa makundi ya kondoo. Hakujidanganya kwamba sasa ana uthibitisho; mwalimu angemuuliza bado. Ila kwa mara ya kwanza alihisi kwamba nyuma ya maandiko yale huenda walikuwapo watu, wabishi, wenye mikono, walioinama juu ya mtoto mmoja. Akashikwa na hofu tamu.

Nje, wazee walikuwa bado wanabishana.

"Mvula!"

"Jua, nakuambia!"

Hakuwanyamazisha. Alitembea katikati yao polepole, akisikiliza jinsi alivyokuja duniani.