Kiti cha Kando ya Grover

Wanasema wivu ni kipofu. Wangu ulikuwa na macho mawili, na yote mawili yalimkodolea Yamil.

Kabla hajahamia chuo chetu hapa Cochabamba, kiti cha kando ya Grover kilikuwa changu. Mashindano yetu ya programu ni wawili wawili, kompyuta moja: mmoja anaandika, mwenzake anasoma karatasi iliyotoka kwenye printa na kusaka makosa. Miaka miwili nilimsomea Grover. Asubuhi tulinunua api ya moto, kinywaji kizito cha mahindi ya zambarau, kikombe kimoja, tukawa tunapokezana. Alipokuja Yamil, api ikawa ya Yamil, na mimi nikawa wa kusalimiwa tu. Roho iliniuma, sifichi.

Siku ya majaribio ya kuchagua timu, Mwalimu Hortensia, kocha wetu, alituweka watatu kwenye mashine moja. Wawili wangekwenda kushindana La Paz, mmoja angebaki. Grover abaki? Hilo halikumpitia mtu akilini. Ilikuwa ni mimi au yule mgeni.

Swali lilihusu vikundi vya ngoma za kanivali, kila kimoja na alama zake. Utafute alama ya katikati, kisha utaje vikundi na alama zao kwa mpangilio wa maandamano. Yamil akaandika funksheni, kipande cha programu cha kupanga alama, ndogo hadi kubwa, na kuchukua ya katikati.

"Kaka, wewe moto," Grover akamwambia. Kaka, eti. Mimi hajawahi kuniita dada.

Nikaichukua karatasi. Nilikuwa na njaa ya kosa, na nikalipata.

"Hii itavipa vikundi alama za wenzao," nikasema. "Umeipa funksheni safu yetu ya alama. Katika lugha ya C hupeleki nakala, unaielekeza mahali safu yenyewe ilipo. Hujampa mtu sahani ya chakula, umempa ufunguo wa jiko. Akipangua, kapangua vyako. Nakili kwanza, halafu upange nakala."

"Lakini mfano wa swali umepita," Yamil akasema kwa sauti ndogo.

"Kwenye mfano alama zimekuja zimeshapangwa. Ingekosea wapi?"

Grover hata hakuitazama karatasi. "Liz, huo ni wivu. Tangu aje hujampenda. Hebu pumzika."

Nusu yake ilikuwa kweli, nikairudisha karatasi mezani. Grover akatuma. Jibu likarudi jekundu, limekataliwa.

Akanisogezea kibodi bila kunitazama. Nikaongeza mistari ya kunakili safu, nikatuma, ikarudi kijani. Kumbe Mwalimu alikuwa nyuma yetu muda wote.

"Yamil kakosea, hilo nitamfundisha," akasema. "Wewe Grover umeambiwa kosa, ukamwangalia msemaji badala ya karatasi. Utabaki. Lizeth na Yamil, mjiandae kwa safari."

Basi nafasi nilipata. Kando ya Yamil.

Asubuhi ya safari, basi likiwa limeshawashwa, Grover alikuja mbio na kikombe cha api. Nikafungua dirisha, nikanyoosha mkono. Akanipita, akaenda dirisha la nyuma yangu, akampa Yamil.

"Kunywa, kaka. Mwachie na Liz."

Yamil akanywa, akanipitishia kikombe juu ya kiti. Nilikipokea. Kilikuwa nusu, na kilikuwa kimeanza kupoa.