Laini ya Mzee

Mama Kopi hakuwa mjinga wa simu. Watu wa chuo ndio waliomfanya mjinga, naye akawaachia, maana ujinga huo ulimfaa. Mwanafunzi akiomba kulipa kwa simu, alimjibu, "Mwanangu, mimi na hayo mambo wapi na wapi? Nipe pesa mkononi," kisha akaigeukia mashine yake ya kutoa kopi, kibandani mwake pale chuoni.

Simu yenyewe ilikuwa kwenye droo, chini ya karatasi, na kila jioni aliichaji. Laini ilikuwa ya marehemu mumewe, bado kwa jina lake. Aliyetuma pesa humo aliletewa kwanza jina la mpokeaji, ahakikishe. Wiki moja baada ya mazishi, binti mmoja alilisoma kwa sauti, akauliza, "Mzee hajambo? Siku nyingi hatumwoni." Mama Kopi akajibu, "Hajambo," akafunga droo. Tangu siku hiyo akapokea pesa mkononi tu: hakutaka kuulizwa tena, wala hakutaka jina lile lifutwe.

Sasa chuo kikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu pesa taslimu basi, na kibanda kisichopokea malipo ya simu kwa jina la mwenyewe kitafungwa. Kibanda ndicho kilichomlisha yeye na mjukuu wake. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Wenye vibanda wakaitwa ukumbini wafundishwe. Mhadhiri kijana, mpole kweli, aliyeamini shida yao wote ni woga, alimshika Mama Kopi kidole. "Usiogope, mama. Unabonyeza hapa tu. Haiumi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama Kopi alicheka pamoja na wenzake, kisha akaenda kwenye meza ya wakala wa simu, akatoa kitambulisho chake na cheti cha kifo.

"Jina la zamani tuliondoe, mama?"

"Ondoa."

Jumatatu asubuhi mwanafunzi wa kwanza akaangalia simu yake. "Limekuja jina la mwanamke. Ndiye wewe, mama?"

"Ndiye mimi. Tuma."

Simu ikalia. Mama Kopi akasimama, kiganja juu ya mashine yenye joto, akiusubiri uchungu. Kaburini hakulia. Machozi yake yote alikuwa ameliwekea jina lile, ayatoe siku litakapoondoka. Siku ndiyo hii, na hamna kitu. Kumbe mhadhiri alisema kweli, haiumi, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Akabana karatasi za yule mwanafunzi kwa pini, akamwita anayefuata.