Bunduki Aliyoiacha Alphonce

"Mama Loyce, nikuulize jambo, na unijibu kama mama yangu mzazi. Hivi hii bunduki haina tabia ya kukwama?"

Ndivyo Sostenes alivyouliza, Jumanne moja asubuhi, amekaa kwenye kigoda uani kwa Asnath pale Issuna. Bunduki yenyewe haikuwepo. Ilikuwa imehifadhiwa polisi tangu Alphonce, mume wa Asnath, alipozikwa, maana mwenye kibali akifa, silaha hairithiwi kama jembe. Sostenes alikuwa amemaliza kuhojiwa, barua za kijiji anazo, bado kusaini tu ili ihamie kwenye jina lake. Alikuja kuuliza kama mtu anayenunua ng'ombe anavyomuuliza mwenye zizi.

Asnath alikuwa anapepeta alizeti. Hakuacha. Alirusha ungo mara mbili, akapuliza makapi, ndipo akasema, "Baba Loyce alikaa nayo miaka sita. Wewe ni jirani yetu, hata tukikohoa unasikia. Uliwahi kusikia imekwama?"

Sostenes akacheka. "Hata siku moja! Na mzee alivyokuwa anaisifia, angenieleza hata ikipiga chafya."

"Haya basi."

Jirani alipoondoka, Asnath alikaa na ungo wake akijipa moyo. Hakusema uongo. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani yako uongo, wala haikatazi mtu kuuliza swali. Alijirudia maneno hayo mpaka alizeti ikaisha, na bado yalikuwa hayajamkaa vizuri.

Maana bunduki ile ilikuwa inakwama, na mtu aliyebaki duniani anayejua hivyo alikuwa yeye peke yake.

Alphonce aliinunua kwa sababu ya nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mtama. Ilikuwa ya aina ile inayojipakia yenyewe: ukifyatua risasi moja, nyingine inapanda bila kuiwekea. Zile nzuri za aina hiyo hazishikiki kwa bei. Hii ilikuwa ya bei ya chini, na muuzaji kule mjini alimwambia ni ndugu moja na zile, tumbo moja, baba mbalimbali. Mara ya kwanza ilikwama mbele ya nguruwe, wakaondoka na shamba. Mara ya pili ilikwama mbele ya nyani, naye nyani akakaa juu ya kichuguu kumtazama Alphonce akihangaika. Mara ya tatu ilikuwa fisi, zizini, na Alphonce akamfukuza kwa kumpiga na kitako cha bunduki kama mtu anayetwanga. Mara zote tatu Asnath alikuwa nyuma yake, na mara zote tatu watu walipouliza mbona mlio ulikuwa mmoja, Alphonce alijibu, "Nimemhurumia."

Mwaka mmoja polisi waliita wenye silaha wote wilayani wapeleke bunduki zikakaguliwe. Asnath alimsindikiza mumewe, amembebea bahasha ya vibali. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, bunduki zimelala magotini, nao wakaanza kuzisema kama wanawake kisimani wanavyosema waume zao.

"Yangu mimi," alisema Simeoni, mzee mmoja mrefu mfuga ng'ombe, "ukipiga moja, ya pili mpaka uibembeleze kama ng'ombe aliyemkataa ndama."

"Afadhali yako," akadakia mwingine. "Yangu ganda la risasi haitemi, inalikumbatia. Sijui nimenunua bunduki au kuku anayeatamia!"

"Bei ndiyo hiyo, jamani. Umenunua ng'ombe kwa bei ya mbuzi, akilia mee usishangae."

Wakacheka mpaka askari akachungulia mlangoni. Kicheko kile kilikuwa kizuri. Kila mtu alishusha mzigo wake pale chini. Alphonce peke yake hakuushusha. "Nyie hamjui kutunza," alisema. "Yangu haijakwama hata siku moja."

Wiki ile ile nyani alikuwa amemtazama. Asnath aliinamia bahasha.

Njiani, wakisukuma baiskeli kwenye mchanga, Alphonce alisema bila kumwangalia, "Mama Loyce, mume akitoka nje na suruali iliyochanika nyuma, mke ndiye anayetembea nyuma yake." Asnath alimwelewa, na toka siku ile alitembea nyuma yake, hata alipokuwa kaburini.

Tena kulikuwa na jambo la mafuta. Kikopo kidogo cha mafuta ya bunduki walichopewa dukani kiliisha mwaka wa kwanza. Na Issuna nani anakwenda kutafuta mafuta mjini wakati alizeti imejaa ndani? Kwa mafuta ya alizeti watu wanapika, wanajipaka, wanasugua kifua cha mtoto mwenye mafua, wanalainisha bawaba za mlango wa kanisa. Basi kila Jumamosi, Asnath akitoka kufagia kanisa, Alphonce alifungua bunduki juu ya gunia, naye Asnath alichovya unyoya wa kuku kwenye kikombe na kuyadondosha mafuta kila penye chuma. Ilikuwa saa yao wawili ya utulivu. Siku Sostenes alipoileta bunduki kutoka polisi, Asnath alimpa chupa nzima ya mafuta hayo, aliyoyakamua mwenyewe, akamwekea mkono begani na kumwombea. "Haya ndiyo aliyotumia marehemu," alimwambia. "Kila Jumamosi."

Sostenes alishukuru, na hakukosa Jumamosi hata moja.

Fisi alikuja siku ya gulio, saa tatu asubuhi, jua linawaka. Hakuwa fisi wa kawaida. Alitembea katikati ya njia kama mwenye shughuli zake, mate yanamchuruzika, mbwa wakimbwekea hageuki. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ana kichaa huyo! Mwiteni Sostenes!" Wanawake wakaacha nyanya chini.

Sostenes alikuja mbio na bunduki. Asnath alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka, akaona yote. Risasi ya kwanza ilimpata fisi mguuni, naye akageuka. Sostenes akavuta tena. Hakuna. Akavuta tena, hakuna. Akaanza kupiga ubavu wa bunduki kwa kiganja, na Asnath alikijua kiganja kile, alikwisha kukiona mara tatu kwa mwingine. Fisi akampita Sostenes kama anavyopita mti, akamfikia Mathayo, fundi baiskeli, aliyekuwa amechuchumaa na gurudumu mkononi hajui akimbilie wapi, akamkamata mkono wa kulia. Watu walimuua yule mnyama kwa mashoka na mawe. Mathayo alipelekwa hospitali, akachomwa sindano zote za kichaa, akapona. Lakini vidole viwili vya mkono ule havikunji tena, na fundi baiskeli bila vidole ni fundi wa kuelekeza wenzake.

Sostenes alisema bunduki ilikwama. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

"Ikwame? Ile ya marehemu Alphonce?" watu walisema. "Ile haijawahi kukwama, alisema mwenyewe mbele ya polisi! Aliyekwama ni yeye." Wakamwita Moja Tu. Watoto waliliimba jina hilo wakichunga. Kisimani wanawake walimuuliza mkewe, Anastazia, "Leo umechota ndoo ngapi, mama? Moja tu?" Anastazia alijitwisha ndoo yake na kuondoka, maji yanamwagikia shingoni kwa haraka.

Asnath aliyasikia hayo akiwa kwenye foleni, kamba ya ndoo mkononi. Angeweza kusema neno moja tu. Alifunga kamba, akafungua, akafunga tena.

Jumapili ile hakwenda kwenye meza ya Bwana. Jumapili iliyofuata vilevile. Mke wa mchungaji alimuuliza kama anaumwa, akajibu ni magoti. Kwa kweli hakuweza kupokea, kwa sababu kila alipofumba macho kutubu, alijikuta anatubu mambo mengine: uvivu, hasira, kumsema jirani kuhusu mbuzi. Lile moja lilikaa nyuma ya mengine yote, limejikunyata.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti wa kijiji, Urbano, aliita kikao ofisini. Kilichokuwa kinaamuliwa kilijulikana: kijiji kiandike au kisiandike kwamba Sostenes hafai kushika silaha, kwa woga. Barua ya namna hiyo haimwachi mtu. Inakaa kwenye jalada, na jina linarithiwa na watoto. Askari alikuja na bunduki, iliyokuwa imerudishwa polisi tangu siku ya fisi, na pamoja naye fundi wa silaha kutoka mjini, Isaka, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Isaka alitandika gazeti juu ya meza, akaifungua bunduki. Akanusa. Akachomeka bisibisi ndani, ikatoka na kitu cha njano kinachonata, kimechanganyika na vumbi kama gundi.

"Samahani, ndugu zangu," alisema. "Humu mlikuwa mnakaanga nini?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko.

"Sifanyi mzaha. Haya ni mafuta ya alizeti. Yakikaa kwenye chuma yanaganda kama rangi, halafu vumbi lenu hili linakuja kulala juu yake. Bunduki ya bei kubwa inaweza kuvumilia kidogo. Hii ya bei ya chini haina uvumilivu, imeumbwa na kasoro zake tayari. Hata ikiwa safi ingekwama siku moja moja. Kwa hali hii ningeshangaa kama ingepiga mbili."

Kicheko kikakatika. Urbano akajikohoza. "Kwa hiyo kweli ilikwama."

"Ilikwama, mwenyekiti. Kwa uzembe wa mtunzaji."

"Sostenes, nani alipaka mafuta haya?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

Sostenes alikuwa amesimama, mikono nyuma. Asnath aliyekuwa kwenye benchi la wanawake alingoja macho yake yamgeukie. Hayakugeuka.

"Hakuna," alisema Sostenes. "Ni akili yangu mwenyewe."

Mathayo, mkono wake umefungwa kitambaa, alisema taratibu, "Kumbe vidole vyangu vimeliwa na kikaango." Safari hii hakuna aliyecheka.

"Basi si mwoga, ni mzembe," alisema Urbano, akivuta karatasi. "Na mzembe naye hashiki silaha."

Asnath aliona kalamu inashuka. Alisimama.

"Mwenyekiti, naomba niseme."

"Sema, mama."

"Mafuta ni yangu. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, tena nikamwombea. Ndivyo tulivyofanya mimi na Baba Loyce miaka yote."

Wanawake waliokuwa karibu naye walisogea kidogo, wengine kwa kumpa nafasi, wengine kwa kumkwepa.

"Ulikuwa hujui, mama," alisema Urbano kwa upole. "Kaa tu."

"Sijamaliza." Alishika ukingo wa benchi la mbele. "Bunduki hii ilikwama mikononi mwa Baba Loyce. Kwa nguruwe, kwa nyani, na kwa fisi. Hakumhurumia mnyama hata mmoja."

"Mama Loyce, marehemu tusimseme."

"Marehemu amepumzika, mwenyekiti. Anayesemwa kijiji kizima ni huyu."

Asnath alikuwa amefikiri kwamba akishasema atasikia mzigo unamtoka, kama wanavyosema wanaotubu kanisani. Hakikutoka kitu. Alijiona tu amesimama mbele za watu, mwanamke mzima, mfagiaji wa kanisa, aliyeficha suruali ya mumewe kwa kumvua mwingine yake.

Sostenes ndipo alipogeuka kumtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimuumiza Asnath kuliko kelele.

"Mama," alisema, "ya mafuta nilikwisha kukusamehe tangu fundi anaanza kunusa. Hukujua. Na mimi sikujua. Nilisema nilibebe mwenyewe, wewe ni mjane, watu wasikuchoshe."

"Najua, mwanangu. Nimeona."

"Lakini siku ile nilipokuja uani kwako nikakuuliza. Nilikuuliza kama mwanao. Siku ile ulikuwa unajua?"

Swali lingine lilimjia mdomoni Asnath, jepesi, tayari kabisa, kama lile la kwanza. Alilimeza.

"Nilijua."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu. Nilikuwepo."

Mathayo aliinua mkono wake wenye kitambaa, akauweka juu ya goti, akautazama kama mali ya mtu mwingine. Urbano alikunja ile karatasi bila kuandika. Askari aliuliza kama Sostenes atasaini kuichukua bunduki ikishasafishwa, naye akageukia mlangoni.

"Sostenes," alisema Asnath. "Mwanangu, sema neno. Hata nitukane."

Njia ya kwenda mlangoni ilipita mbele ya benchi la wanawake. Pale Issuna kijana akipita mbele ya mtu mzima aliyemzidi umri huinama kidogo, huomba njia, na kila siku ya maisha yake Sostenes alikuwa amemfanyia Asnath hivyo, hata akiwa na gunia kichwani. Asnath akavuta miguu yake nyuma kumpisha. Sostenes alipita amenyooka, macho mbele, akatoka.