Nyasi Zilizowashinda Kuku

Mkunga mstaafu alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, lakini mjukuu wake wa pekee alimwona kwenye picha tu. Binti yake alishasema wazi: "Mama, uwanja wako ni vumbi tupu, na mtoto ana pumu. Nyasi zikiota, nitamleta akae likizo nzima. Zisipoota, basi uza hao kuku."

Auze kuku! Tangu astaafu, ndio waliomwamsha na ndio aliowafokea. Nyumba isiyo na wa kufokewa ni nyumba gani? Akaamua kupata vyote viwili, ingawa wahenga walishaonya juu ya mshika mawili.

Kwanza alinunua zile nyasi laini za bustanini. Kuku walizimaliza kwa siku mbili, wakamtazama kama wageni wanaosubiri chai. Akajaribu zenye majani mapana. Hizo hawakuzila, walizichakura tu mpaka zikalala mizizi juu. Kiranja wao alikuwa tetea mweusi aliyeitwa Mkaguzi, maana hakuna kilichoingia pale asikipekue.

Asubuhi moja akamkuta jirani yake mkulima, waliyemwita Injinia kwa kupima matuta yake kwa kamba, aking'oa ukoka na kuulaani.

"Nang'oa leo, kesho umerudi! Hauogopi jembe, hauogopi jua!"

"Nipe mimi," Mkunga akasema. "Magunia mawili."

Injinia akacheka hadi akaegemea jembe. "Dada, mtaa mzima huu hakuna mwenye akili kama wewe."

"Usinivike kilemba cha ukoka. Mimi nautaka chini."

Akaupanda, kisha akakumbuka jambo la kazini: kichanga hakiachiwi kila mkono. Akatoa wavu wa chuma wa kitanda chake, akauweka juu ya matofali kuufunika ukoka. Kuku wakadonoa ncha zilizochungulia, mizizi hawakuifikia. Kipande kikishika, aliusogeza wavu na kupanda kingine. Kwa miezi mitatu alilala na godoro sakafuni, mgongo ukimlaumu, naye hakumwambia mtu.

Likizo ikafika. Binti akaja na mtoto mkononi na begi begani. Mtoto akamfukuza Mkaguzi uwanja mzima, akaanguka mara tatu, akainuka na magoti ya kijani. Vumbi halikutimka. Mkunga alisimama mlangoni, roho mkononi.

Binti akamwita mwanawe, akabandika sikio mgongoni pake. Akasikiliza, akahamisha sikio, akasikiliza tena.

"Hakipigi miluzi," akasema. "Kifua safi kabisa." Akamgeukia mama yake. "Likizo ni wiki sita, mama. Utamweza?"

Mkunga alitaka kujibu kwa mzaha, machozi yakamtangulia. Akalivua begi kwenye bega la binti na kuliingiza ndani upesi, asije akabadili nia.