Alhamisi ya Kubadilishana Viti

Karakana ile ya kushona sare ilikuwa na cherehani sita na watu sita wasiosemezana. Mshona mikono ya mashati akiletewa kipande kilichokatwa kombo, alikishona hivyo hivyo na ukombo wake, maana kukata si kazi yake. Na Mzee Kola, aliyeshona kola tangu wenzake hawajazaliwa, akikaribiwa aliinamia cherehani yake kama kuku aliyelalia mayai.

Msimamizi mpya hakupiga kelele. Kidole kimoja hakivunji chawa, na yeye alipewa vidole sita vilivyonuniana. Alianza na chai: wote wainywe pamoja, meza moja. Shati likiharibika hakuuliza nani. Aliandika "tumeharibu moja", na jina lake akalitanguliza. Kisha akaleta Alhamisi yake: siku hiyo watu wabadilishane viti, kila mmoja amfundishe jirani kazi yake.

Mzee Kola aligoma majuma matatu. Msimamizi akavuta kigoda, akakaa kando yake.

"Mzee wangu, nifundishe mimi kwanza. Mikono hii imezoea kalamu tu. Nikiweza mimi, nani atashindwa?"

Mzee akacheka, na mtu akishacheka nusu ya kazi imekwisha. Mwaka haukupita kabla wote hawajajua kugeuza ncha ya kola ikatoka kali. Sasa Mzee akawa hashikiki, anazunguka huku na huku akiwatania wanafunzi wake kwa vidole vyao vizito. Mkewe alipoanza kulazwa mara kwa mara, wenzake walimshikia kiti bila kuambiwa, na sare zikatoka kwa siku iliyopangwa. Msimamizi aliyaandika hayo yote kwenye ripoti, kifua mbele.

Shukrani ya punda ni mateke. Mkurugenzi alimwita, ripoti i mezani.

"Kazi nzuri sana hii. Umeandika Mzee alikosekana siku kumi na moja, na hakuna kilichopungua."

"Ndiyo, bosi. Wanasaidiana siku hizi."

"Basi watano wanatosha. Tumeambiwa kila karakana ipunguze mmoja. Yeye aishie mwezi huu."

Msimamizi akaanza kumtetea. Alisema mke wa Mzee anatibiwa kwa bima ya hapo kazini. Alisema wote sita wapunguziwe saa, wagawane. Mwisho akasema aondolewe yeye mwenyewe. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomkata maini zaidi: hata wa kumchukia hakumpata.

"Naelewa, dada. Lakini limeshapitishwa huko juu. Hata mimi sina la kufanya."

Ilikuwa Alhamisi. Alimkuta Mzee amesimama nyuma ya mkata vitambaa, ambaye siku hiyo alikalia kiti cha kola. Akamwita stoo, na hapo katikati ya majora ya vitambaa akamwambia yote, bila kuzunguka, kwa kuwa hakuona njia ya kuzunguka.

Mzee akauliza:

"Na bima ya mama watoto?"

"Inaisha na mkataba, Mzee."

"Nimekosea wapi, binti yangu? Niambie tu, nirekebishe."

Laiti lingekuwapo kosa. Kosa lina barua, lina onyo, lina kuombewa radhi. Msimamizi angelipigania hadi jasho limtoke. Alitafuta, hakuliona.

"Hukukosea, Mzee. Ulifanya kila nilichokuomba."

Mzee hakumlaumu, na yeye alitamani alaumiwe.

Mkata vitambaa akaita kutoka karakanani, furaha imemjaa sauti. "Mzee, njoo uone. Leo kola imetoka yenyewe, hata hukunishika mkono."

Mzee akajifuta uso kwa kiganja, akaenda kumkagulia.