Zamu ya Faizal

Kila asubuhi, kabla baba yake hajafungua milango ya mbele, Farhana alikaa juu ya robota la mikeka ndani ya duka lao la Old Kampala, kikombe cha chai ya tangawizi ubavuni na simu mkononi, akisubiri zamu ya Faizal.

Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo. Ubao umejaa vipande vya mabomba vilivyopinda huku na huku, chemchemi iko juu, shamba liko chini, nawe unavigeuza vipande mpaka maji yapate njia. Kila siku ubao mpya. Mkicheza wawili, huyu anageuza vipande vitatu anamwachia mwenzake, naye vitatu, hivyo hivyo mpaka shamba linywe. Hakuna mahali pa kuandikiana. Kuna mlio tu, kama tone linaloangukia ndani ya mtungi, unaokuambia mwenzako amemaliza.

Asubuhi hiyo Farhana alikuwa amekwisha kugeuza vyake. Aliiweka simu juu ya meza ya duka, akawa anapuliza chai, mlango wa pembeni ukasukumwa kwa bega. Aliyeingia alikuwa Faizal mwenyewe, mchumba wake, amebeba sinia la vitumbua kwa mikono miwili, kofia imemwendea upande, funguo za pikipiki zinaning'inia kwenye kidole.

"Asalaam alaykum. Mzee yuko? Mama kasema sinia hili nisimwachie mtu njiani, si unajua watu wa mtaa huu na vitumbua."

Farhana alijitanda mtandio vizuri. Kabla hajajibu salamu, simu ikalia. Tone moja, ndani ya mtungi.

Aliitazama. *Faizal amemaliza. Zamu yako.* Akainua macho, akaitazama mikono ya Faizal. Yote miwili ilikuwa chini ya sinia.

"Simu yako iko wapi?" aliuliza.

"Mfukoni. Kwani umenipigia?"

Farhana aliigeuza simu yake juu ya meza ili naye aone. Faizal akainama kidogo, sinia likayumba, kisha akacheka.

"Aa, ule wa mabomba. Mimi niliuacha kitambo, Farha. Wiki ya kwanza tu ukanishinda. Anaucheza huyu dada yangu, Umulkheir, nilimpa afungue kwa jina langu kwenye simu yake." Alitafuta mahali pa kuweka sinia, akaliweka juu ya rundo la kanzu. "Sasa unanuna? Mchezo huo. Leo bomba, kesho bomba. Kitu kile kile kila siku, nani asiyechoka?"

"Mimi sijachoka," Farhana alisema, lakini aliyasema kuelekea kwenye chai.

"Wewe ni mwalimu wa watoto wadogo, umezoea. A, e, i, o, u, mwaka mzima." Alicheka tena, kicheko chake kizuri kisicho na ubaya, halafu aliposikia baba yake Farhana akikohoa uani akanyoosha kofia, akaenda kumwamkia.

Ubao ulikuwa bado uko wazi kwenye simu. Kilibaki kipande kimoja tu, kilichonyooka, kimelala upande badala ya kusimama. Mtoto wa chekechea angekigeuza. Farhana hakukigusa.

Mchezo huo uliingia kwao kwa mlango wa heshima. Mzee Abubakar hakutaka binti yake azungumze na mchumba kwa simu mpaka masikio yapate moto, na kukaa faragha kabla ya ndoa hakukuwa na wa kukufikiria. Faizal akaleta wazo la kucheza pamoja. Mwanzo walijaribu mchezo mwingine, wa bure. Siku moja mzee akapita nyuma ya binti yake, akakuta kwenye kioo msichana aliyevaa nusu nguo anawaita watu wakabeti mpira. Alisema neno moja tu, "Futa." Ndipo Faizal akanunua huu wa mabomba kwa wote wawili, unalipa mara moja yamekwisha, hakuna tangazo wala msichana.

"Kwa hiyo watu siku hizi wanalipia kitu kisicholiwa wala kuvaliwa," Shangazi Mahfudha alisema wakati ule. Yeye ndiye aliyemlea Farhana tangu mama yake alipofariki, na hakuwa mtu wa kuficha maoni. "Haya. Tutaona utadumu mpaka lini."

Ulidumu. Na kadiri ulivyodumu ndivyo Farhana alivyozidi kumwona Faizal kwenye ubao. Alikuwa hakurupuki. Kabla hajagusa katikati alizitengeneza kwanza pembe, zile ambazo watu huzisahau. Farhana akikosea, zamu iliyofuata ilirekebisha kosa lake polepole, kama mtu anayekurudishia ukosi wa nguo bila kukuambia ulikuwa umepinda. Na kila siku alikuwa na uwezo wa kumaliza, lakini hakumaliza. Aliacha kipande kimoja, kile rahisi kuliko vyote, ili maji yapite kwa mkono wa Farhana.

Kutokana na kipande hicho alijijengea mwanamume mzima. Alijua atakavyomkatia tunda. Alijua atakavyonyamaza watoto wakilia, hatapiga kelele. Shangazi alipomuuliza, "Unamjuaje huyo kijana, nanyi hamjakaa hata nusu saa?" Farhana, ambaye maneno yake kwa siku nzima yangetosha kwenye kiganja, alijibu moja kwa moja, "Namjua."

Mchana, watoto wa shule walipokwisha kuchukuliwa na wazazi wao, hakurudi nyumbani. Alipanda kilima kuelekea upande wa msikiti mpaka kwa kina Faizal. Alimkuta Umulkheir ukumbini, anapiga pasi kanzu nyeupe ya kaka yake, ile ya kuvaa Jumapili watakapokwenda kuchukua jibu la posa.

Umulkheir alikuwa rafiki yake tangu Kyambogo, walikosomea ualimu pamoja. Farhana akiwa na swali darasani alimwandikia Umulkheir kwenye kipande cha karatasi, naye Umulkheir akasimama akaliuliza kwa sauti kana kwamba ni lake. Posa yenyewe ilipita mdomoni mwake.

"Wifi yangu," Umulkheir alisema, kisha akamwona usoni. Akaisimamisha pasi. "Bambi, masikini. Kakuambia. Yule mtu hana siri hata ya punje."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Mwanzo aliniomba nimchezee siku moja, alikuwa amekwenda Jinja kuchukua vipuri. Kesho yake hakuuliza. Kesho kutwa hakuuliza. Nikaendelea."

"Miezi yote hii."

"Ulitaka nifanyeje? Ningeacha, ungeona zamu hairudi, ungeanza kuwaza. Mimi nakujua. Ungelia chini ya shuka wiki nzima, ukiulizwa unasema mafua."

Farhana alikaa kwenye ukingo wa kochi. Nje mtu alikuwa anauza ndizi za kuchoma, anaita kwa Kiganda, sauti inapanda na kushuka.

"Na kipande cha mwisho?"

"Kipi?"

"Kile unachoniachia."

Umulkheir alishika tena pasi, akaipitisha kwenye mkono wa kanzu uliokwisha kunyooka. "Si unapenda kumaliza. Hata chuoni ulikuwa unabaki nyuma ufute ubao wewe. Nikaona nikuachie."

Lingekuwa jambo la kukasirisha tu, Farhana angejua la kufanya nalo. Lakini ule upole ulikuwa wa kweli. Ulitoka kwa mtu wa kweli, uliandaliwa kwa ajili yake yeye na si mwingine, kisha ukatiwa jina la mtu ambaye hata hakuutazama.

"Nilikuwa nakusimulia," alisema. "Kila Ijumaa. Nakwambia, jana kaka yako kacheza hivi, kaka yako ana subira. Ulikuwa unanisikiliza."

"Nilikuwa nafurahi." Umulkheir alijaribu kucheka. "Nani mwingine ananisifia mimi subira?"

Farhana aliitazama kanzu.

"Sikiliza, Farhana. Yule ni mtu mzuri. Hanywi, hapigani, ana duka lake, anamheshimu mama. Hayo mabomba ni ya nini? Mkishaoana hata hamtayakumbuka. Na mimi nitakuwepo, nyumba ni hii hii. Akikuudhi njoo kwangu. Au sivyo?"

"Sawa."

"Sawa ya kweli, au ile sawa yako?"

"Sawa."

Umulkheir akazunguka meza, akamkumbatia. Alinukia mvuke wa pasi na udi. "Ndiyo wifi ninayemtaka," alisema, akarudi kwenye kanzu.

Jioni, baada ya magharibi, Farhana aliufungua mchezo upande wa mtu mmoja, ambao hakuwahi kuugusa. Alikuwa anataka uwe mbaya. Alitaka aone kwamba Faizal alisema kweli, ni bomba juu ya bomba, aufute alale. Ubao ulikuwa mgumu. Akaukosea, akaurudia, akaona ile njia ndefu ya kuzunguka kwa pembe ambayo hakuitazamia, na maji yalipopita alihisi ile furaha yake ndogo ya kila siku, iko pale pale. Jambo hilo lilimuumiza. Mchezo haukumdanganya. Ulimpa ulichomwahidi, kila siku, bila kudai kingine.

Shangazi Mahfudha alikuwa anatazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiganda. "Bado tu hicho?" alisema bila kugeuza shingo. "Kitu alichokulipia mara moja tangu wakati ule hakijaisha?"

"Kila siku unatoka mpya."

"Basi mmepata kitu chenu. Mimi hii hapa naitazama mwaka wa pili na yule mwanamke bado hajajua mtoto ni wa nani."

"Shangazi."

"Naam."

Alitaka kumwambia. Alitaka kumuuliza, mtu akisema kitu kile kile kila siku kinachosha, anamaanisha nini juu ya chai ya asubuhi, na duka, na uso ule ule ng'ambo ya meza miaka arobaini. Alitaka kusema, amechoshwa na mimi kabla hajakaa na mimi, na aliponichoka alinikabidhi kwa mtu mwingine kama mzigo wa dukani, hakuona kuna ubaya. Maneno yalikuwepo, yalikuwa yamepangana. Yalifika mahali fulani chini ya koo yakakaa.

"Sema, mama," Shangazi alisema, macho kwenye televisheni.

"Nikuongezee chai?"

Jumapili wageni walijaa mpaka kibarazani. Wanaume walikaa mbele, upande wa duka ambako mikeka ilitandikwa. Wanawake walikuwa ndani. Farhana aliketishwa chumba cha kati akiwa na ushungi wa kijani, hina mikononi haijapoteza harufu, Shangazi upande mmoja na Umulkheir upande wa pili. Alisikia kicheko cha Faizal kikitoka mbele, kile kile kizuri.

Kisha Mzee Abubakar akaja mpaka mlangoni, nyuma yake wazee wawili wa kushuhudia. Alikuwa amevaa koti juu ya kanzu. Alimtazama binti yake kwa muda, kwanza kama baba, halafu akakohoa akawa mwenye kazi ya kufanya.

"Farhana binti Abubakar. Faizal ameleta posa yake. Mimi nimewaambia jibu si langu, ni lako. Unasemaje?"

Farhana aliutazama mkeka. Aliwasikia watu wakipumua.

Katika nyumba zao msichana anayeulizwa swali hilo hatakiwi kusema ndiyo. Haya humzuia, na kila mtu anajua hivyo. Akinyamaza amekubali. Akitoa machozi amekubali, analilia nyumba ya baba yake. Shangazi Mahfudha mwenyewe aliolewa hivyo, na mama yake Farhana pia, na hakuna aliyewahi kuuliza mara ya pili.

Chozi lilimdondoka Farhana, likalowesha hina.

"Jamani, mnamtesa mtoto," Shangazi alisema kwa sauti ya furaha. "Lini mmemsikia huyu akisema? Amekubali."

Wazee wakatabasamu. Mmoja akasema alhamdulillah. Umulkheir akaviminya vidole vya Farhana, akamwinamia sikioni. "Nyamaza hivyo hivyo. Imekwisha."

Baba yake alikuwa amekwisha kugeuka, mguu mmoja uko nje ya kizingiti.

"Baba."

Sauti ilitoka ndogo. Mzee hakuisikia. Shangazi aliisikia, akamshika goti.

"Baba, ngoja."

Mzee Abubakar akageuka. Wazee wawili wakasimama pale walipokuwa, mmoja bado ana tabasamu ambalo hajajua aliondoe au aliache.

"Unasema, mwanangu?"

"Sijakubali." Farhana aliuchomoa mkono wake kwenye mkono wa Umulkheir, akaushika kwa ule wake mwingine. "Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa natafuta maneno. Faizal si mtu mbaya, sina la kumshtaki. Lakini yule niliyewaambia namjua, siye. Yeye alichoka wiki ya kwanza, akampa dada yake zamu yake, na wote wawili wakanitazama nikipenda mtu ambaye hayupo, wakaona ni sawa." Hakuna aliyemsaidia, wala hakuna aliyemkatiza. "Simtaki, Baba. Nenda ukawaambie hivyo, nimesema mimi. Simtaki."